Namba Nzuri, na Jina Lililo Katika Kadi

Huko kwenu kijijini pikipiki na motokaa hujulikana kwa mwenyewe. Hii ya mwenye duka, hii ya mganga wa zahanati, ile ya padre. Hata usiku watu huijua kwa mlio wake. Hapa kwetu Temeke, na kule Kinondoni, nani atajua? Hupita elfu kwa elfu, na kinachosema ni kibao cha namba tu. Ndiyo sababu watu wa mjini wamekipa kibao hicho heshima kubwa kuliko inavyokistahili.

Wako wenye fedha ambao motokaa zao hazina namba kama za wengine, bali jina: jina lake mwenyewe, au la ukoo, au la biashara yake. Jambo hilo ni halali. Mtu huomba kwa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, na hulipa ada. Mwaka 2016 Serikali ilipandisha ada hiyo kutoka shilingi 5,000,000 hadi 10,000,000, nayo ni ya miaka mitatu tu. Ikiisha, hulipa tena. (Ada kama hizi hubadilika katika bajeti, basi anayetaka aulize ya mwaka wake.) Mimi siwacheki wenye kulipa, fedha ni zao. Lakini kwa milioni kumi kijiji kingeweza kuezeka darasa.

Sisi tusio na milioni tuna mashindano yetu. Mtatambua ya kuwa namba za motokaa zetu huanza na T, kisha tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Na za pikipiki huanza na MC. Herufi zile hufuatana kwa mpango wa alfabeti. Zilianza za A, zikaja za B, za C, za D, na sasa za E. Basi vijana husema, "Hii ni namba D," kama kwamba wametaja daraja la heshima, na muuzaji naye huongeza bei. Angalieni vizuri hapo. Herufi hueleza siku chombo kilipoandikishwa Tanzania, haielezi siku kilipotengenezwa. Motokaa nyingi hutujia kutoka Japani zikiwa zimekwisha tumika. Iliyotengenezwa mwaka 2005 yaweza kabisa kuvaa namba mpya kuliko iliyotengenezwa mwaka 2010, kwa sababu ilichelewa kuvuka bahari.

Tena kuna wapendao tarakimu zinazofanana, saba tatu au tano tatu. Hapo ndipo madalali hupata riziki.

Sasa swali: je, namba yaweza kuuzwa peke yake, mtu kwa mtu? Katika nchi nyingine, ndiyo. Uingereza mtu huweza kuitenga namba na motokaa yake, akapewa hati na ofisi ya Serikali, akaiuza kwa mwingine. Huko Dubai, Aprili 2023, kibao chenye herufi P na tarakimu 7 kiliuzwa kwa mnada kwa dirhamu milioni 55, na fedha zikaenda katika kulisha maskini. Wenye ndugu nje husikia habari hizo, wakadhani na hapa ni vivyo hivyo. Sivyo. Kwetu namba ya kawaida imefungwa na chombo kimoja, yaani na namba ya chasisi iliyogongwa katika chuma, na namba ya injini. Mtu akikuuzia kibao kitupu, amekuuzia bati. Ukilifunga katika pikipiki yako, umeingia katika kosa la jinai, na polisi atakayekushika hatauliza ulilinunua kwa nani mpaka kwanza amekuweka ndani. Hata ile namba ya jina, TRA ndiyo huitoa, na ina mwisho wake. Anayesema atakuachia jina lake pamoja na motokaa, nenda naye kwanza TRA mkaulize kama jambo hilo linawezekana, na muda uliobaki ni kiasi gani.

Mwaka jana mpwa wangu alikuja kutoka kusini baada ya mnada wa korosho, akashuka Mbagala Rangi Tatu na fedha zimefungwa kiunoni. Hazikuwa zake peke yake. Baba yake alitoa sehemu, na shangazi yake aliuza mbuzi. Alitumwa kununua pikipiki ya kubebea watu na mizigo huko kijijini. Siku ya pili tu akanijia amefurahi: "Mjomba, nimeipata! Tena namba yenyewe saba tupu."

Tukaenda kuitazama. Pikipiki ilikuwa nzuri, sikatai. Muuzaji, kijana mchangamfu, alisema, "Mzee wangu, namba hii watu wanaitafuta. Ongezeni laki mbili kwa ajili ya namba."

Nikamwomba kadi. Akatoa karatasi ya fotokopi. Nikamwomba na kitambulisho chake, nikalinganisha: majina mawili mbalimbali.

"Ni ya shemeji yangu," akasema. "Yuko Tanga."

"Vema," nikamwambia. "Mpigie simu tumsikie, na siku atakayokuja tutakutana naye TRA. Fedha zitatoka hapo hapo, mbele ya kadi yenyewe."

"Mzee, TRA ni usumbufu. Nipeni kishika uchumba tu, kadi nitaileta Jumamosi."

Mpwa wangu alinitazama kwa macho ya kusihi, maana zile saba zilikwisha mwingia moyoni. Lakini tulirudi nyumbani na fedha zetu. Baada ya siku chache tulisikia kijiweni ya kuwa pikipiki ile ilikuwa ya mkataba. Ninyi wa vijijini mnaanza kuyajua mambo haya: tajiri hununua pikipiki, humkabidhi kijana, naye hulipa kila siku mpaka muda waliopatana uishe, ndipo inakuwa yake. Yule kijana alikuwa bado anadaiwa miezi. Chombo hakikuwa chake cha kuuza, wala namba, wala hata vioo. Mwenyewe alikuwa akiitafuta mitaa yote ya Tandika.

Basi kadi ndiyo yenye neno. Jina lililo katika kadi ndilo la mtu anayehesabiwa kuwa mwenye chombo, mpaka ithibitishwe vingine. Sharti uione kadi yenyewe, si picha katika simu. Piga magoti, safisha vumbi kwa kitambaa, usome namba ya chasisi na ya injini tarakimu moja moja, uzilinganishe na kadi. Ukikuta chuma kimekwaruzwa au kimegongwa upya, ondoka. Na kama muuzaji asema kadi ilipotea, yeye mwenyewe aende polisi na TRA akapate nyingine kabla ya mauzo. Kadi haipo pengine kwa sababu iko kwa mkopeshaji, imewekwa rehani.

Kisha kuna madeni. Faini za barabarani siku hizi huandikwa katika mashine kwa namba ya chombo, hazifuati sura ya dereva. Mwaka 2021 Serikali ilipunguza faini ya pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, lakini kumi kumi zikijipanga huwa mzigo. Wewe unafurahia saba tatu, kumbe chini yake zimelala faini ishirini za mtu mwingine, na trafiki wa kwanza atakayekusimamisha atakusomea zote. Deni huweza kuangaliwa kwa namba kabla hujalipa chochote. Mwombe mtu mwenye simu nzuri akuangalizie, na muuzaji alipe kwanza.

Wengi hufanya hayo yote vizuri, halafu huacha lililo kubwa: kubadili jina. Huandikiana karatasi, hupeana mikono, kila mtu huenda zake. Jirani yetu mmoja, mzee mtaratibu sana, alinunua motokaa ndogo kwa mtu wa Kinondoni. Mkataba aliuandika kwa wakili, mashahidi walikuwapo, kadi alipewa. Aliona ada ya kuhamisha jina ni kubwa kwa wakati ule, akasema atangoja. Akangoja miaka miwili. Muuzaji akafariki. Watoto wa marehemu walipohesabu mali ya baba yao waliikuta motokaa katika jina lake, wakaja kuidai. Mzee alikuwa na haki, na karatasi zake zilimwokoa. Walakini ilimbidi kungoja mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi, maana bila msimamizi hakuna mkono wa kutia sahihi kwa niaba ya marehemu. Kwa muda huo wote motokaa ilisimama uani, na kuku wakalala ndani yake.

Muuzaji naye asijione amepona. Ukimkabidhi mtu motokaa na jina lako limo katika kadi, siku ikimgonga mtoto huko Mbagala na dereva akakimbia, askari watabisha hodi kwako.

Kwa hiyo twende pamoja, muuzaji na mnunuzi, siku moja. Mkataba uandikwe kwa wakili, uwe na bei ya kweli, namba ya chombo, namba ya chasisi na vitambulisho vya wote wawili. Kila mmoja awe na namba yake ya mlipa kodi. Kuna kodi ya kuhamisha jina, ushuru wa stempu na ada ya kadi mpya. Patana mapema nani atalipa, ili msigombane mlangoni mwa ofisi. Fedha nyingi zipite benki au katika simu, zibaki na alama. Na bima msiisahau: ile ndogo ya kulinda watu wengine ni lazima kwa sheria.

Mpwa wangu alipata pikipiki nyingine, yenye namba isiyo na mpango wowote. Jina lake lilipotoka katika kadi aliisoma mara tatu barabarani, nusura agongwe.

Na ninyi ambao tayari mnaendesha kwa jina la mtu mwingine, mko wengi, nawajua. Mtafuteni aliyewauzia sasa, akiwa hai na simu yake ingali inaita. Msimgombeze. Mlipieni nauli, mwandikishane upya kama karatasi ya kwanza imepotea, mwende naye TRA siku hiyo hiyo.