Ndege ya Mitumba

Kabla suruali za mitumba hazijajaa kila soko nchini, serikali ya Kenya ilikuwa imeshanunua ndege za kivita za mitumba. Ilikuwa katikati ya miaka ya 70. Waingereza walikuwa wamezitumia Hawker Hunter hadi zikapitwa na wakati, Kenya ikachukua sita: nne za kivita na mbili za viti viwili, za kufundishia. Usizidharau lakini. Hunter ilipaa mara ya kwanza 1951, na 1953 rubani Neville Duke alivunja nayo rekodi ya dunia ya mwendo, kilomita 1,171 kwa saa. Kwa mwendo huo, Kakamega hadi Kisumu dakika tatu hazifiki.

Yangu haipai. Ni ya plastiki, sentimita 19 kutoka pua hadi mkia, toleo la zamani la Airfix la kipimo cha 1/72, yaani kila sentimita moja ya plastiki inasimamia sentimita 72 za ndege yenyewe. Nayo pia ni mitumba. Niliipata sokoni Kakamega kwa mama anayeuza vitu vya watoto kuchezea: wanasesere vipara, magari bila tairi, na katikati yao boksi lililochanika lenye picha ya jeti. Vipande vilikuwa bado vimeshikana kwenye fremu zake. Mtoto fulani huko Ulaya alipewa zawadi, hakuijenga, akawa mtu mzima. Mama akasema mia mbili, nikampa mia na hamsini. "Chukua tu," akasema. "Hiyo imekaa hapa tangu Krismasi. Watu wanataka kitu imeshaundwa."

Ukiuliza watu wa kwetu, mimi pia sijamalizwa kuundwa. Niliacha chuo mwaka wa tatu wa uhandisi, karo ilipokatika, na sasa naandika vitu vya kulipwa kwa neno: sifa za mashine za kukata nyasi, kwa watu ambao sitawahi kukutana nao. Anayeuliza nafanya kazi gani namwambia niko kwa kompyuta. Kwa hivyo muda nilikuwa nao. Na sababu pia nilikuwa nayo.

Sababu ni mjomba, kaka mkubwa wa mathe. Aliingia jeshi la anga 1975 akiwa na miaka kumi na tisa, akawa fundi wa silaha za Hunter kule Nanyuki. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo sentensi nzima tuliyokuwa nayo kumhusu.

Ili uelewe jeti ilikuwa na maana gani kwa mtu wa hapa, rudi Februari 1976. Idi Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, hadi karibu na Nairobi, ilikuwa ya Uganda tangu zamani. Dai lake lilikuwa na kaukweli ndani: mpaka 1902, upande huu ulihesabiwa chini ya Uganda ya Waingereza. Na Amin alikuwa na MiG. Kutoka mpaka wa Busia hadi Kakamega, ukikata moja kwa moja hewani, ni kama kilomita 75. MiG ingefika kabla chai haijachemka. Mathe anasema shosho akisikia ngurumo yoyote angani alikuwa anawaita watoto waingie ndani, kisha anajituliza mwenyewe: kijana wangu yuko na jeti zetu.

Halafu ikaja Jumapili ya Agosti 1, 1982. Wanajeshi wa anga walijaribu kuipindua serikali ya Moi, wakashindwa siku hiyo hiyo. Kule Nanyuki, marubani walilazimishwa kwa bunduki kurusha ndege, zikiwemo F-5 za Kimarekani, waende kulipua Nairobi. Wakaenda kumwaga mabomu kwenye msitu wa Mlima Kenya. Jeshi zima la anga likavunjwa. Maelfu wakakamatwa, waliokuwemo na wasiokuwemo. Likaundwa lingine kwa jina la 82 Air Force, na jina la zamani halikurudi hadi 1994.

Mjomba alirudi nyumbani bila sare. Alikuwa na miaka ishirini na sita, umri nilio nao sasa. Tangu hapo anatengeneza mashine za posho kutoka Lurambi hadi Shinyalu, na ndege ikitajwa anainuka kwenda kuangalia ng'ombe.

Nikajenga Hunter kwenye meza ya jikoni, na wembe, supa gluu na uvumilivu wa mathe. Shida ilikuwa stika, zile za kulowesha majini. Zilikuwa zimegeuka manjano, na zote za Uingereza. Duara la rangi za bendera yetu halikuwemo. Nikampelekea mjomba bawa moja na swali moja: duara lenu lilikuwaje, nyeusi iko nje au ndani?

Alilishika lile bawa kwa vidole viwili, akalielekeza dirishani. "Leta yenyewe."

Nilipoleta, aliigeuza tumbo juu. Chini ya pua kuna vivimbe viwili. "Unajua hizi ni za nini?" Hunter ilibeba bunduki nne za milimita 30, akaeleza, zote ndani ya sanduku moja. Ndege ikitua hamjazi risasi moja moja. Mnateremsha sanduku zima, mnapandisha lingine lililojaa, na baada ya dakika chache inapaa tena. Vivimbe ni vya kudaka vyuma vinavyounganisha risasi, visije vikaigonga ndege vikianguka. Alieleza kwa mikono yote miwili, kama mtu anayeteremsha sufuria ya ugali wa matanga. Aliongea saa mbili. Mathe alisimama mlangoni na sinia ya chai, akaogopa kuingia.

Nikajaribu kusogea mbele. "Na siku ile, mjomba?"

Hakukasirika. "Siku ile Hunter zilikuwa zimeshaenda."

Ni kweli. F-5 zilipochukua kazi, Hunter zilizobaki ziliuzwa Zimbabwe. Mitumba ikawa mitumba tena. Ndipo nikaelewa bahati yangu ya mia na hamsini. Hunter iliondoka kabla mambo hayajaharibika, kwa hivyo humo ndani yeye bado ni fundi na bado ana sare. Ningempelekea F-5, angeenda kuangalia ng'ombe.

Sisi vijana tunapenda kuwaambia wazee wafunguke, kana kwamba wamejifunga kwa makusudi. Swali la "ilikuwaje" ni pana mno, halipiti mlangoni. "Nyeusi iko nje au ndani" linapita.

Duara alilichora mwenyewe kwa njiti ya kiberiti. Tairi moja ilikosekana, akaichonga kwenye soli ya patipati. Sasa ndege iko kwake, juu ya redio, na sijaiomba.

Wiki jana alinipigia simu, jambo ambalo halifanyi. Akauliza hali ya mama, akauliza mvua, akauliza kama kazi ya kompyuta inalipa. Akanyamaza kidogo.

"Na huyo mama wa sokoni," akasema, "hajawahi kupata F-5?"