Kijistari Kikihama, Wimbo Hupotea

Mpenzi msomaji, ikiwa una mtoto kwenye kwaya ya shule, bila shaka umemwona akirudi nyumbani na karatasi iliyojaa vidoa na vijistari. Usidhani hayo ni mapambo. Kila kijistari kina kazi yake, na kikihama kwa upana wa ukucha tu, wimbo huwa si ule tena.

Chukua mfano wa solfa, mtindo ulioenezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, ambao kwaya zetu nyingi nchini Kenya zinaujua kuliko mistari mitano ya Wazungu. Herufi "d" ni do. Ukiiwekea kijistari ubavuni kwa juu, do hiyo hupanda. Ukikiweka ubavuni kwa chini, hushuka. Kijistari ni kilekile, kilichobadilika ni mahali pake.

Siku hizi nyimbo hazinakiliwi tena kwa kalamu na kaboni. Hupigwa kwa kompyuta, na sisi waalimu wa muziki tusio na fungu kubwa la pesa hutumia MuseScore, programu isiyolipiwa hata senti. Ni baraka, lakini ina mtego wake, na mtego huo tuliukuta hapa Garissa.

Tulikuwa tukiwafundisha watoto wimbo wa Kisomali, ule wa kunyweshea ngamia visimani. Tulimwalika nyanya mmoja, ambaye watoto humwita ayeeyo, aje kusikiliza mazoezi baada ya swala ya Alasiri. Alisikiliza akitikisa kichwa kwa furaha. Mara akainua mkono.

"Mwalimu," akaniambia, "mbona mnaimba mafuriko? Hapo tunaita watu."

Msomaji, kwa Kisomali watu ni "dad", na mafuriko ni "daad". Tofauti ni urefu wa irabu moja tu. Nasi wa Garissa si watu wa kutaniwa na neno mafuriko. Mto Tana ulivunja kingo zake wakati wa El Niño ya 1997, ukarudia mwaka 2023, na tena mwaka 2024. Kwa hivyo baadhi ya wazee waliokuwapo walicheka, lakini ayeeyo hakucheka. Wimbo aliokabidhiwa na mama yake ulikuwa umebadilishwa maana mbele ya macho yake, na watoto wangeupeleka hivyo mashindanoni.

Nikaitazama karatasi. Watoto hawakuwa na kosa, walitii kilichoandikwa. Juu ya neno lile palikuwa na upinde, ile alama inayounganisha nota mbili ziimbwe kwa silabi moja. Upinde huo ulikuwa wa neno linalofuata.

Ulifikaje pale? Karatasi ilitujia kutoka kwa mpigaji chapa wa mjini. Yeye alikuwa ameufunga upinde kwenye nota zisizo zake, kisha akauburuta kwa kipanya mpaka ukaonekana umekaa sawa. Kwenye kioo cha kompyuta ulipendeza. Baadaye maandishi yakakuzwa ili watoto watatu wasome karatasi moja, nota zikasogea, na upinde ukawafuata wale uliofungwa kwao.

Hapo ndipo penye siri, msomaji. Katika programu hii kila alama ina nota yake, kama mbuzi na kigingi. Kumburuta mbuzi hakung'oi kigingi. Ikiwa alama iko kwenye nota yake ila imegusana na maneno, hapo una ruhusa ya kuisogeza: ichague, kisha tumia vitufe vya mishale, nayo itakwenda kidogo kidogo. Ukishika Ctrl pamoja na mshale, itapiga hatua kubwa zaidi. Herufi X huutoa upinde juu ya nota ukaupeleka chini, au kinyume chake. Ukiona umeharibu, Ctrl na R huirudisha alama mahali pake pa awali.

Lakini ikiwa alama imefungwa kwenye nota isiyo yake, usiisogeze. Ifute. Chagua nota ya kwanza iliyo sahihi, bonyeza S upate upinde mpya, na ukitaka ufike mbali zaidi shika Shift na mshale wa kulia. Hivyo ndivyo tulivyofanya, na kazi yote haikuzidi dakika tano. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Huenda ukauliza, kwa nini jambo dogo hivi lituumize kichwa? Kumbuka wimbo wetu wa taifa. Sauti yake ilitoka kwa Wapokomo, jirani zetu wa huku chini ya mto, katika wimbo wa kubembeleza mtoto. Mwaka 1963 tume ya watu watano, wakiwemo Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Thomas Kalume, iliutengeneza, ukaandikwa. Leo anayeuimba Kisumu au Mandera hakuwahi kumsikia mama wa Kipokomo akibembeleza. Wimbo ukishaingia karatasini, karatasi ndiyo inayokuwa mzee wa kuulizwa. Wale ayeeyo wakituondoka, hatutakuwa na wa kuinua mkono.

Basi wewe mwalimu, mzazi au kiongozi wa kwaya, kabla ya kutoa nakala hamsini, fanya mambo mawili. Kwanza, badilisha ukubwa wa maandishi kwa makusudi, uone ni alama zipi zitakimbia. Pili, mwite mwenye lugha yake, umwimbie kama ilivyoandikwa, kisha unyamaze umsikilize. Hatajua upinde ni nini, wala hahitaji kujua. Atakuambia kama umeita watu au umeita mafuriko.