Mitaa Iliyobaki Kwenye Majalada ya Santuri

Jalada la santuri ndefu ni mraba wa takriban sentimita 31 kila upande. Nafasi hiyo inatosha kubeba mtaa mzima pamoja na magari yaliyoegeshwa na wapita njia wasiojua kwamba wanapigwa picha. Hata hivyo, tangu kampuni ya Columbia ilipoanza kuuza santuri hizo mwaka 1948, majalada mengi yalionyesha uso wa mwanamuziki tu, amevaa suti yake na nywele zimechanwa vizuri.

Mapema mwaka 1963 mpiga picha Don Hunstein aliwatoa nje Bob Dylan na mpenzi wake Suze Rotolo, wakatembea katikati ya Jones Street, New York, juu ya theluji iliyochafuka. Wawili hao wameshikana kwa baridi, na mtaa wenyewe hauna chochote cha ajabu. Hapo ndipo uzuri wa jalada la The Freewheelin' Bob Dylan ulipo: ni alasiri ya mji ambayo mtu yeyote angeweza kuipita.

Tarehe 8 Agosti 1969, kabla ya adhuhuri, mpiga picha Iain Macmillan alipanda ngazi katikati ya Abbey Road, London, polisi akiwa amewasimamisha madereva. The Beatles walivuka barabara jirani na studio yao, wakarudi, wakavuka tena. Zilipigwa picha sita, ikachaguliwa ya tano. Mbele ya jalada hapakuandikwa jina la kundi wala la albamu, kwa hiyo macho hubaki kwa watu wanne, miti, mistari myeupe ya kivuko na Volkswagen nyeupe iliyoegeshwa kushoto. Vibao vya namba vya gari hilo viliibwa mara kwa mara baada ya albamu kutoka. Hata studio, ambayo wakati huo ilijulikana kwa jina la EMI, baadaye ilichukua jina la barabara. Desemba 2010 kivuko kiliingizwa katika orodha ya mahali panapolindwa kisheria nchini Uingereza kwa sababu ya historia yake. Heshima hiyo kwa kawaida hupewa majumba na makanisa. Hapa ilipewa mistari ya rangi juu ya lami.

Heddon Street, nayo ya London, haikubahatika hivyo. Januari 1972, usiku wa mvua, Brian Ward alimpiga picha David Bowie mlangoni pa namba 23, chini ya bango la K. West, wauza manyoya. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, ikatiwa rangi baadaye kwa jalada la Ziggy Stardust. Wakati huo palikuwa kichochoro cha nyuma ya maduka, chenye maboksi yaliyotupwa ukutani. Leo ni mahali pa migahawa, bango halipo, na kibao cha kumbukumbu kiliwekwa mwaka 2012.

Lakini hakuna jengo lililobadilika kama Battersea, lililokuwa kituo cha kufua umeme kwa makaa ya mawe ukingoni mwa mto Thames. Desemba 1976 kundi la Pink Floyd lilirusha puto la nguruwe, lenye urefu wa mita 12 hivi, kati ya dohani zake nne. Kamba ilikatika, nguruwe akapotelea angani na kuangukia shambani huko Kent. Jalada la Animals, lililotoka mwaka 1977, liliunganishwa kutokana na picha za siku tofauti: mawingu ya siku moja, nguruwe wa siku nyingine. Wakati huo nusu ya kituo ilikuwa imekwisha kuzimwa, na mwaka 1983 umeme ulikoma kabisa. Jengo likakaa tupu kwa miongo mitatu, paa limeondolewa, mvua ikiingia ndani, wamiliki wakibadilishana mipango isiyokamilika.

Lilifunguliwa kwa umma Oktoba 2022 likiwa na maduka, ofisi na nyumba za kuishi. Dohani za kwenye jalada hazipo tena. Zilibomolewa kwa sababu ya uchakavu, zikajengwa nyingine kwa umbo lile lile, na ndani ya mojawapo kuna lifti ya kioo inayowapandisha wageni hadi mita 109 juu.