Koni za Shume

Kutoka Mombo gari hupanda kilomita 30 na ushei hadi Lushoto, na joto la tambarare hubaki chini pamoja na mkonge wake. Miti niliyoifuata ilikuwa mbele zaidi: Magamba, kisha Shume, ambako msitu wa asili na shamba la misindano la serikali vinaishi jirani.

Msindano wa huku ni Pinus patula, mzaliwa wa milima ya mashariki mwa Meksiko. Koni zake hushikamana na tawi kwa vichala, ngumu kama kokoto, na nyingi hukaa zimefumba miaka kadhaa baada ya mbegu kukomaa. "Hiyo hata ukiipiga jiwe haitoi kitu, mwanangu," aliniambia mzee wa Kishambaa aliyenitembeza. "Ingoje jua kali, au moto."

Ndivyo ilivyo. Vigamba vya koni vimegandishwa kwa ulimbo, na joto likizidi, ulimbo hulainika. Kila kigamba kina tabaka mbili zisizosinyaa sawasawa, kwa hiyo kikikauka hupinda kuelekea nje na mbegu yenye bawa huchukuliwa na upepo. Ajabu yake ni kwamba kazi hiyo haihitaji uhai wowote. Chukua koni iliyokauka na kufunguka, iloweke majini: itafumba tena. Wakala wa Mbegu za Miti, uliokuwa na kituo hapa Lushoto, ulipata mbegu kwa ujanja uleule: koni zikikaushwa, hufunguka bila msitu kuungua.

Misindano ya ng'ambo haifanani yote na huu wa Shume. Mwaka 1988 moto ulipita zaidi ya theluthi moja ya hifadhi ya Yellowstone, Marekani, na muda si mrefu majivu yakajaa miche ya Pinus contorta, maana ulimbo wa koni zake zilizofumba huachia kwenye nyuzi 45 hadi 60 hivi. Hata hivyo si kila mti wa aina hiyo hufumba koni. Penye kuchakuro wengi, miti yenye koni za kufumba ni michache. Ukiweka akiba ya miaka mingi tawini, unawawekea wao. Msindano wa Uskochi, Pinus sylvestris, hausubiri moto: hufunguka hali ya hewa ikikauka baada ya majira ya baridi. Na Pinus albicaulis wa milima ya magharibi mwa Marekani haufunguki wenyewe kabisa. Humwachia ndege aibomoe koni na kuzika mbegu.

Ukiingia msitu wa asili wa Magamba, hesabu ni nyingine. Mkulo huchipua kutoka mizizini. Podo hutegemea ndege, na mbegu zake si za kuweka akiba miaka. Hapa ukungu hulowesha majani asubuhi, na moto haukuwa sehemu ya maisha ya miti hii. Wa kati na kati ni mwangati wa upande mkavu: matunda yake huliwa na ndege, lakini miche yake hupenda mwanga, na huweza kuota vizuri pembezoni palipoungua.

Isidhaniwe kila mti mgeni unahitaji moto ili uenee. Usambara Mashariki, huko Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, mhesi umeingia msituni kwa msaada wa hondohondo wanaomeza matunda yake na kudondosha mbegu mbali.

Lakini hapa Shume na Magamba, naona moto unaotoroka shambani una upendeleo. Msindano mkubwa unaweza kufa, lakini unakuwa umeshamwaga mbegu juu ya majivu. Mkulo na podo havina akiba ya namna hiyo. Pakiungua mara kwa mara, mpaka husogea, na si kwa faida ya msitu wa asili unaotunza chemchemi za Washambaa.

Wenye mashamba yanayopakana na Magamba na Shume, ikilazimu kuchoma mabaki, limeni kwanza njia ya kuzuia moto, toeni taarifa kwa serikali ya kijiji, na upepo ukivuma, ahirisheni.