Kufuli ipi kwanza? Mkwamo wa programu katika nchi ya chai

Leo tuongee kuhusu hitilafu moja ambayo haikupi ujumbe wowote wa kosa. Programu haianguki. Prosesa imetulia, diski imetulia, na kazi haiendi. Mimi naiita mkwamo: programu mbili, kila moja imeshika kitu ambacho mwenzake anakingoja, na hakuna inayoachilia.

Anayeishi Kericho au Bomet ameuona mkwamo bila hata kugusa kompyuta. Chukua barabara ya matope kati ya mashamba ya chai, upana wake wa gari moja. Lori lililojaa majani linapanda, lori tupu linateremka, wanakutana katikati. Hakuna gari bovu wala dereva mbaya. Kilichokosekana ni makubaliano kabla ya kuingia.

Kwanza, kwa nini tunafunga faili? Tuseme mkulima ana kilo 340 mwezi huu. Programu mbili zinasoma 340 kwa wakati mmoja. Moja inaongeza 18 na kuandika 358. Nyingine inaongeza 25 na kuandika 365 juu yake. Jumla ya kweli ni 383, kwa hiyo kilo 18 zimepotea, na huku kwetu kilo ni karo ya shule. Ndiyo maana kila programu hufunga faili kwanza, hufanya kazi, kisha hufungua. Hiyo ni sawa kabisa kukiwa na kufuli moja. Taabu huanza zikiwa mbili.

Miaka michache iliyopita niliitwa kuangalia mfumo wa ofisi moja inayonunua majani ya chai kwa wakulima wadogo. Sitaitaja. Karani akanieleza, "Kijana, hii mashine hulala. Ikilala tunaizima, tunaiwasha, inaamka." Shida ni kwamba ikizimwa katikati ya kazi, uzito wa jioni ile ulibaki kwenye faili moja bila kufika kwenye nyingine. Siku ya pili nikiwa pale, mama mmoja alifika na risiti zake zimefungwa kwa leso. Karatasi zilikuwa na kilo ambazo hazikuwa kwenye jumla yake, na ilibidi makarani wapitie moja moja kwa mkono kabla ya malipo ya mwezi.

Nilipoangalia msimbo, niliona hivi:

Programu ya mizani: funga UZITO, kisha funga WAKULIMA.
Programu ya malipo: funga WAKULIMA, kisha funga UZITO.

Kila moja ukiisoma peke yake haina kosa. Ziweke pamoja: ya mizani imeshika UZITO inangoja WAKULIMA, ya malipo imeshika WAKULIMA inangoja UZITO. Watangojana mpaka mtu azime umeme.

Kwa nini haikutokea kila siku? Januari na Februari jua likiwa kali majani hupungua, mizani humaliza mapema, na malipo huanza baadaye. Programu hizi mbili hazikutani. Mvua ikinyesha, majani ni mengi, malori yanafika usiku, na mizani bado inapokea wakati malipo yameanza. Kila kiangazi ofisi iliamini mashine imepona.

Jambo jingine: msimbo ule ulitumia flock, na flock haitambui mkwamo, inangoja tu. Ukitumia fcntl, Linux ikiona mduara wa programu zinazongojana hukataa ombi na kurudisha kosa la EDEADLK. Inasaidia, lakini ni sawa na polisi kufika malori yakiwa tayari yamekwama.

Dawa haikuhitaji mashine mpya. Ni kanuni moja: WAKULIMA kwanza, UZITO baadaye, kwa kila programu, kila mara. Ukiwa umeshika UZITO ukagundua unahitaji WAKULIMA, achilia UZITO, anza upya kwa utaratibu. Na kama unarekebisha kilo kati ya wakulima wawili, funga mwenye nambari ndogo kwanza. Haijalishi nani anatoa na nani anapokea.

Kwa nini inafanya kazi? Aliyeshika kufuli ya mwisho kwenye orodha hana kufuli nyingine ya kungoja, kwa hiyo atamaliza na kuachilia. Anayemngoja atapata, naye atamaliza, na hivyo hivyo kurudi nyuma. Mduara hauwezi kufungika. Wazo hili si langu: J. W. Havender wa IBM aliliandika mwaka 1968, na mwaka 1971 Coffman, Elphick na Shoshani wakaeleza masharti manne ambayo lazima yatimie yote ili mkwamo utokee. Vunja moja tu, umepona. Sisi tunavunja la mduara.

Sasa twende ndani zaidi, kwenye mfumo wa faili wenyewe. Wewe unaandika:

mv kericho/a.txt bomet/

na sekunde ile ile mwenzako anaandika:

mv bomet/b.txt kericho/

Kiini cha Linux lazima kifunge folda zote mbili, maana moja inapoteza jina na nyingine inapokea. Kikianza na folda ya chanzo, tumerudi kwenye malori yetu. Kwa hiyo kuna kanuni: folda moja ikiwa imo ndani ya nyingine, ya juu hufungwa kwanza. Mkubwa hutangulia, kama mezani.

Lakini folda nazo huhamishwa! Wakati unachunguza ipi ni ya juu, mtu anaweza kuichukua bomet na kuiweka ndani ya kericho, na utaratibu wako umebadilika ukiwa njiani. Ndiyo sababu kila uhamisho kati ya folda mbili huchukua kwanza kufuli moja kubwa ya mfumo mzima wa faili. Uhamisho wa aina hiyo hupita mmoja mmoja. Kubadilisha jina ndani ya folda ile ile hakuhitaji kufuli hiyo kubwa. Na kwa faili mbili za kawaida, ambazo hazina mkubwa wala mdogo, kiini hupanga kwa anwani zao kwenye kumbukumbu. Ndiyo nambari ya mkulima ile ile! Utaratibu si lazima uwe na maana, bali uwe mmoja kwa wote.

Je, utajuaje kama kuna mtu amevunja kanuni? Mwaka 2006, toleo la 2.6.18 la Linux lilikuja na lockdep, kazi iliyoongozwa na Ingo Molnár. Hii hukumbuka ni kufuli ya aina gani ilichukuliwa kabla ya ipi. Ikiona leo A kisha B, na kesho B kisha A, inapiga kelele hata kama hakuna kilichokwama. Inapunguza kasi, kwa hiyo watu huiwasha kwenye majaribio. Nilipenda wazo hilo. Kwa mfumo wa ile ofisi niliandika kitu kidogo cha namna hiyo: kila kufuli ina nambari, na programu inayoomba nambari ndogo huku imeshika kubwa inakataliwa papo hapo na kuandikwa kwenye logi. Hatukungoja masika ili kujua.

Mwisho, andika utaratibu wako juu kabisa ya faili ya msimbo. Hata mm/filemap.c ya Linux ina orodha ya namna hiyo mwanzoni. Atakayekuja baada yako hawezi kufuata kanuni iliyo kichwani mwako.

Ukiambiwa "mashine hulala", usikimbilie kulaumu umeme wala virusi. Tafuta kila mahali panapofungwa kufuli mbili, uandike kwenye karatasi ipi hutangulia. Mara nyingi utaona kosa kabla chai yako haijapoa.

Haya, tukijaliwa wakati mwingine tutaongea kuhusu kuandika faili bila kupoteza data umeme ukikatika. Hilo nalo huku kwetu lina visa vyake.