Nyumba za Mfangano

Safari hii tulivuka kwa mashua kutoka Mbita hadi Sena, kisiwani Mfangano, Kaunti ya Homa Bay. Kwetu pwani adui wa nyumba ni chumvi ilayo mabati na misumari. Huko maji ni matamu, lakini nyumba hazikosi adui. Upepo wa Ziwa Viktoria hulivamia paa pale ukingo ulipolegea. Mvua huteremka mlimani ikachimba misingi. Mwaka 2020 ziwa lenyewe lilipanda, likaingia majumbani mwa waliojenga ufukoni.

Basi kabla ya masika, misumari ya paa iliyolegea na ikazwe. Mbao za kenchi zigongwe: zikitoa mlio mtupu, mchwa wamekwisha kuingia. Mitaro izibuliwe, nayo ielekezwe mbali na ukuta. Nyavu za madirishani zishonwe, kwani malaria haijaondoka kandokando ya ziwa. Kazi hizi ni za saa chache za mchana mkavu. Anayeziahirisha atawaamsha watoto usiku wa dhoruba, asiwe na pa kuwapeleka. Wahenga walitwambia: usipoziba ufa, utajenga ukuta.