Siku ya Punda Katika Maulidi ya Lamu

Msafiri atokaye Kericho, nchi ya chai iliyo juu ya bahari zaidi ya futi 6,000, akashuka mpaka pwani na kuvuka kwa mashua kutoka Mokowe, huona mara moja kwamba mji wa kale wa Lamu hauna nafasi ya motokaa. Njia zake ni nyembamba mno. Mawe ya kujengea, mchanga na nafaka, vyote huchukuliwa na punda.

Kila mwaka wageni kutoka pande nyingi za Afrika ya Mashariki hukusanyika huko kwa Maulidi, ukumbusho wa kuzaliwa kwa Mtume Muhammad. Kitovu cha sherehe ni Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija. Maulidi husomwa na matari hupigwa. Kisha kuna michezo, na mmoja upendwao sana ni mashindano ya punda. Vijana huwapanda bila matandiko na kuwakimbiza ukingoni mwa bahari, huku umati ukishangilia. Mnyama aliyebeba mawe jana, leo anatazamwa na mji mzima.

Lakini heshima ya siku moja haitoshi. Mwaka 1987 shirika la Uingereza liitwalo The Donkey Sanctuary lilifungua zahanati ya punda mjini Lamu, watibiwe bila malipo. Punda mwenye vidonda mgongoni hawezi kushinda mbio, wala hawezi kazi.

Sisi wa Kericho na Bomet tunalo la kujifunza hapo. Punda, ambaye Wakipsigis humwita sigiriet, hupanda vilima vyetu na maji na maziwa. Machinjio ya punda yalipofunguliwa nchini kuanzia mwaka 2016, ngozi zikapelekwa China, wafugaji wengi wa Kenya waliibiwa punda wao usiku. Kulipokucha, mzigo wa maji ulirudi mgongoni mwa mama, na hapo ndipo thamani ya mnyama yule ilipojulikana.

Basi, ndugu msomaji, tusingoje boma liwe tupu. Punda haombi matari. Mpe maji safi, kitu laini chini ya mzigo, na siku ya kupumzika. Wazee husema shukrani ya punda ni mateke. Lakini shukrani yetu kwake ni nini, kama si fimbo?